Mpelekeeni Mgonjwa Picha Zake

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga ameniuliza kama ni vyema kumwonesha baba yake, aliyerudishwa nyumbani kwa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, picha zake za ujanani, au kufanya hivyo ni kumchuria. Namjibu hadharani, kwa kuwa neno hilo hilo nililitupiwa na shangazi yangu mwenyewe nilipokuwa nikimuuguza mama Unguja, na bado linaniuma.

Mama alikuwa na picha aliyopigwa Capital Art Studio, ile ya wapiga picha akina Oza iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, akiwa na marehemu dada yake, wote wamevaa magauni ya kitambaa kimoja. Niliitoa kwenye fremu kwa sababu kioo kilikuwa kikimpiga mwanga machoni, nikamshikisha. Mtu ambaye tangu asubuhi hakuitikia hata salamu alipitisha kidole kwenye pindo la gauni, akasema kwamba kitambaa kile walikikopa Darajani, na deni akalilipa yeye peke yake. Tulicheka sote, shangazi akiwemo, ingawa hadi leo hajakiri.

Wala sikulizua mimi jambo hili. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee anayerudia habari za kale hapayuki, bali anayapitia maisha yake ili apatane nayo.

Lakini maumivu hutangulia yote: mgonjwa anayekunywa mofini ya maji, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, asisumbuliwe na picha dawa inapokaribia kuisha nguvu. Mpe picha moja tu, ya karatasi, kwa maana kwenye simu kidole kikigusa kidogo picha imeshapita. Usimtahini kwa kumwuliza "Huyu nani?", mwulize siku hiyo ilikuwaje, na akigeuza uso, iondoe bila maswali.

Na ninyi ndugu mnaokuja na simu kumpiga picha mgonjwa amelala hoi ili mpate cha kuwaonesha watu, hebu jiheshimuni. Mkitaka kazi, chukueni penseli mwandike majina nyuma ya picha zake za zamani, maadamu mwenyewe yupo wa kuwatajia.