Uagize nini kwenye mgahawa wa klabu

Ndugu yangu, umeuliza uagize nini klabuni ili ule chakula bora ambacho bado ni kitamu. Tazama kwanza kilivyopikwa. Samaki au kuku wa kuchoma, aliyekolezwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, ananoga bila mafuta mengi. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4 tu, ndiyo maana saladi iliyomwagiwa sosi ya krimu inaweza kuzidi hata sahani ya nyama. Omba sosi iletwe pembeni, tafadhali usione haya! Badala ya chipsi, mboga. Supu zionje kwanza: nyingi zina chumvi kali, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku.