Damu isiyotoka haijalala tumboni

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi kwenye kituo kimoja cha afya hapa Kadutu, Bukavu. Wamama tunaowadunga sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba, wengi hawarudi mara ya pili. Wanasema damu isipotoka inaganda tumboni na kugeuka uvimbe. Mmoja amekunywa mizizi ya "kuteremsha damu" aliyouziwa sokoni, na sasa analalamika maumivu ya kiuno. Njia zote nimewafundisha, bango liko ukutani. Nifundishe nini zaidi?

JIBU: Dada, punguza. Bango linawafurahisha wanaokuja kukagua kituo. Mama mwenye mtoto mgongoni, aliyemwachia jirani meza yake ya ndizi, anataka kujua kitu kimoja: damu yangu itafanyaje?

Hukumwambia siku ya kwanza. Miezi ya mwanzo itadondoka ovyo ovyo, na baada ya mwaka karibu nusu yao hawaoni hedhi tena. Usipomweleza wewe, atamweleza jirani.

Mimi huwaambia hivi. Kila mwezi tumbo la uzazi hutandika kitanda, linangoja mgeni. Mgeni asipofika, shuka hutolewa, ndiyo hiyo hedhi. Sindano inazuia yai lisikomae, na kitanda hakitandikwi. Sasa utafua shuka gani? Wanacheka, kisha mmoja anauliza: "Lakini hiyo damu inaenda wapi?" Haiendi popote, mama, shuka lenyewe halikutandikwa. Hapo rudia hata mara kumi.

Uvumi wa "sindano inafunga kizazi" nao tumeulisha sisi wenyewe. Dawa hii haitoki mwilini haraka: mimba huja, kwa wastani, miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho. Mama asiyejua hilo, mwezi wa sita mkwe ameshamwita tasa. Anayetaka mtoto mwaka ujao mweleze kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono au kitanzi kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi, maana vikitolewa uzazi haukawii kurudi. Na yule asiyetulia bila kuona damu yake, usibishane naye. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hedhi inakuja kama kawaida, ila miezi ya kwanza inaweza kuwa nyingi na yenye maumivu. Hilo pia aambiwe kabla.

Kuna jambo la upande wetu wa meza linalonikera zaidi. Mama amechelewa sindano yake wiki mbili, anaambiwa "rudi ukiona hedhi". Hedhi gani, na sindano ndiyo imeisimamisha? OMS, Shirika la Afya Duniani, inaruhusu kumdunga hata akichelewa hadi wiki 4. Ukimfukuza, umemwonyesha mwenyewe njia ya kwenda kwa muuza mizizi.

Na huyo muuza mizizi! Chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda, maji meusi, hakuna kipimo wala jina. Ukiuliza mna nini ndani, utajibiwa "ya mababu". Babu yupi alikutana na sindano ya miezi mitatu? Wengine wanaipitisha njia ya haja kubwa kwa mpira, wengine wanasukuma majani ukeni. Tena "kuteremsha damu" ni neno la ujanja: aliyechelewa kwa sababu ya sindano na aliyechelewa kwa sababu ya mimba wanapewa chupa ile ile. Huyo wa pili anaweza kuvuja damu mpaka afe, na muuzaji kesho yuko pale pale na meza yake.

Usidhani ni sokoni tu. Kuna vijana wa farmasi wanaodunga bila kuandika kitu kwenye fishi, kadi ya mgonjwa, mama hajui hata alidungwa nini. Kuna wanaotoa kijiti kwa wembe, sebuleni. Kuna wasichana wanaofundishana kunywa maji ya chumvi baada ya kulala na mwanaume, na chumvi haijawahi kuzuia mimba ya mtu. Wote hawa wanapata wateja pale ambapo sisi tumejibu kwa mkato.

Huyo wa maumivu ya kiuno mwite leo, usingoje siku ya kliniki. Mpime mimba kwanza, kisha mkojo na presha, umuulize anakojoa kiasi gani. Ukikuta uso umevimba au mkojo umepungua, mpeleke hospitali mara moja, na abebe ile chupa.