Sevu ikikataa, tazama kiatu cha mbele

Wengi wanaoanza tenisi hulaumu mkono inapokataa sevu, yaani ule mpigo wa kuanzisha pointi unaourushia mpira juu mwenyewe. Mimi huangalia chini kwanza. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mpira ukirushwa vibaya kiatu cha kushoto ndicho kinachosema: kinateleza, kisigino kinazunguka, mara ncha imeshakanyaga mstari wa nyuma.

Kanuni ni fupi. Tangu uanze mwendo wa sevu mpaka raketi iguse mpira, mguu wowote usiguse mstari wa nyuma wala uwanja ulio mbele yake. Usitembee wala kukimbia, ingawa kusogeza miguu kidogo kunaruhusiwa. Alama ya katikati, kile kistari kifupi katikati ya mstari wa nyuma, nayo ina mwendelezo wake usiochorwa kwenda nyuma, na wengi huukanyaga bila kujua, kwa hiyo usijibane sana pale. Kinachohesabiwa ni kugusa. Kiatu kikining'inia juu ya mstari si kosa, na mpira ukishapigwa, tua ndani utakavyo.

Adhabu ni ileile ya mpira ulioishia wavuni: sevu hiyo imeharibika, na ikiwa ni ya pili, yaani nafasi yako ya mwisho, pointi imekwenda. Muulize Serena Williams. Kwenye nusu fainali ya US Open mwaka 2009, kosa la mguu katika sevu ya pili lilimpa mpinzani wake Kim Clijsters nafasi ya kumaliza mechi. Serena akamfokea mwamuzi wa mstari, akaadhibiwa pointi nyingine, na mechi ikaishia hapo hapo.

Sisi tunaocheza jioni baada ya kazi hatuna mwamuzi wa mstari, ndiyo maana tabia hii inaota mizizi. Sentimita mbili unazoiba hazikusaidii kitu. Ubaya wake ni kwamba zinaficha ugonjwa wenyewe, yaani unaukimbilia mpira uliourusha mbele mno.

Kwa hiyo tibu urushaji. Simama hatua fupi nyuma ya mstari, kiatu cha mbele kikielekea nguzo ya kulia ya wavu. Shika mpira kwa vidole, si kwa kiganja, unyooshe mkono, uuachie ukifika usawa wa macho. Sasa usiupige, uache udondoke. Ukianguka mbele ya kiatu chako, kulia kidogo, kiasi cha urefu wa kiatu kimoja ndani ya uwanja, uko sawa. Ukienda mbali zaidi ya hapo, mguu utaufuata tu, hata ukijikaza vipi. Rudia zoezi hili mpaka likuchoshe, kisha ndipo uchukue raketi.

Mchezoni, ukirusha vibaya, udake uanze upya. Ni halali kabisa mradi hujajaribu kuupiga, lakini watu wanaona haya, wanaufukuzia mpira wa ovyo na kujipa kosa la bure.

Lile la kuvuta mguu wa nyuma ukutane na wa mbele, kama wanavyofanya wa kwenye televisheni, liache kwa sasa. Mguu ule ukizidisha mwendo kidogo tu, umefika kwenye mstari.

Ukitaka kujikagua, laza simu chini pembeni mwa uwanja, sambamba na mstari, ujirekodi. Kwenye kiwanja cha udongo hata simu huihitaji, alama ya soli inabaki pale pale. Na ukimwona mwenzako anakanyaga, mwambie taratibu mnapobadilishana pande, si akiwa kwenye sevu ya pili huku yuko nyuma 30 kwa 40.