Mume anashika Sabato na Krismasi hataki tena

Dada, unasema mumeo amejiunga na kikundi cha "mizizi ya Kiebrania", Wakristo wanaofuata desturi za Kiyahudi: Jumamosi hafanyi kazi, kitimoto hagusi, Krismasi anaiita upagani. Unauliza kama amepotea.

Kwa hayo pekee, hapana. Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi, na Wasabato hawali kitimoto miaka nenda rudi, nani anawashangaa? Hata Pasaka iliwahi kubishaniwa. Mnamo mwaka 155 hivi, Polikarpo, askofu wa Smirna, alifika Roma akishikilia Pasaka iwe tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, siku ile ile ya Wayahudi. Aniseti, askofu wa Roma, alikataa kumfuata, lakini walishiriki meza ya Bwana na kuachana kwa amani.

Ninachoogopa ni kingine: je, anakuambia hutaokoka usipofuata? Basi someni pamoja Matendo 15, mitume walivyokataa kuwatwika watu wa Mataifa tohara, kisha Warumi 14, inayosema tusihukumiane kwa chakula na siku. Soma tu, usimhubirie. Ila kiongozi wao akianza kumtenga na ndugu zake, waite wazee wa familia mapema.

Na watoto, kama Krismasi wataenda kwa bibi yao, mkubaliane sasa, si tarehe 24 usiku.