Boksi la spika huanza kupakwa ndani

Mnaoanza kazi ya maboksi ya spika hapa Unguja na Pemba, adui wenu wa kwanza ni unyevu. Michoro mingi ya mtandaoni inataka MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Huku kwetu, boksi la MDF lililoachwa kingo tupu hunyonya maji ya hewa wakati wa masika, likafura pembeni na skrubu zikakosa pa kushika. Nunueni plaiwudi ya milimita 18. Bei yake inauma, lakini nyuzi za tabaka zake zimepishana, kwa hiyo haitanuki wala kusinyaa ovyo. Mninga na mfenesi ni mbao tukufu, ila ubao mpana uliobanwa kwa gundi pande zote hupasuka hewa ikikauka. Ziwekeni kwenye fremu ya mbele zionekane. Na ile bodi ya kahawia ya kumwagia zege, gundi haishiki juu ya ngozi yake. Ikwangueni kila penye kiungo.

Boksi lipo kwa sababu koni, yaani ile sehemu ya mbele ya spika inayocheza, inaposukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Spika ikiwa wazi, hewa ya nyuma huzunguka ikaifuta ya mbele, na besi ndiyo inayopotea kwanza. Ukubwa basi msikisie kwa jicho. Someni karatasi ya vipimo ya spika yenyewe. Tuseme inataka lita 60: ndani pima sentimita 30 kwa 40 kwa 50, halafu ongeza kidogo kufidia nafasi inayoliwa na sumaku na mbao za kukaza. Pande tatu zisilingane, maana zikilingana sauti hugonga kuta na kurundikana kwenye mlio mmoja. Ukitaka tundu la besi, bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa karibu 17 hulipa boksi hilo mlio wa chini wa hezi 40 hivi (mitetemo 40 kwa sekunde). Bomba likirefuka, mlio unashuka. Mimi kwa taarabu napendelea boksi lililofungwa kabisa: besi inapungua kidogo, lakini maneno ya mwimbaji yanasikika yote.

Viungo ndipo penye kazi hasa. Pakeni gundi ya mbao nyuso zote mbili, kazeni mpaka itoke mstari mzima, muiache ikauke usiku kucha kwenye vibano. Skrubu ziwe za shaba nyeusi (bronzi) au za chuma kisichoshika kutu; za kawaida upepo wa bahari huzila, na doa la kutu hupenya vanishi. Ndani, kazeni ubao wa kuunganisha kuta mbili zinazotazamana, kisha pitisheni silikoni kila pembe na muiache ikauke kabisa kabla ya kufunga spika.

Kabla ya kufunga mgongo, pakeni ndani mikono miwili ya vanishi, na kingo mikono mitatu, kwani kingo ndizo zinazonywa zaidi. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa hakuna atakayeiona, nami huwa nasikitika kuliona boksi zuri limejipinda kwa sababu limepakwa vanishi nje tu. Sufi au sponji ibandikwe ukutani, isizibe mdomo wa bomba.

Nje, anzeni na msasa namba 80, kisha 120, 180 na 240, kwa kufuata nyuzi. Funikeni pua na mdomo, vumbi la mninga linawasha kifua. Siku ya mvua msipulize laka, itaganda na ukungu mweupe. Ngojeni jua la kaskazi.

Mkishafunga spika kwenye boksi lisilo tundu, sukumeni koni polepole kwa vidole mkaiachie. Ikirudi taratibu, hewa haivuji. Ikiruka papo hapo, kuna upenyo. Mwisho, gusisheni betri ya volti 1.5 kwenye waya, chanya kwa chanya: koni za maboksi yote mawili zitoke nje pamoja. Moja ikiingia ndani, geuzeni waya zake.