Uliza Daktari wa Mifugo: Farasi Mzee Hataki Kukanyaga

SWALI: Daktari, salamu. Mimi ni saisi katika shamba moja karibu na Limuru, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 17. Ninamtunza farasi dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 22, ambaye zamani alikimbia katika uwanja wa Ngong na siku hizi hubeba watoto wanaojifunza kupanda. Jumanne asubuhi nilimkuta bandani ameitanguliza miguu ya mbele na kuurudisha uzito wote nyuma, kama mtu anayetaka kuketi na kiti hakipo. Nilidhani ni tumbo, nikamtembeza nusu saa kama tulivyofundishwa, lakini kila alipokanyaga changarawe alizidi kuchechemea, na kugeuka alikataa kabisa. Hakuvunja stoo wala hakubadilishiwa chakula. Kipya ni majani tu yaliyochipua baada ya mvua. Mwenye farasi yuko safarini, na jirani ananiambia kwamba farasi wa umri huo akifika hapo hupigwa risasi. Niongeze kwamba tangu mwaka uanze manyoya yake marefu hayajapukutika, nami nilisema ni baridi ya Limuru, na kwamba usiku humaliza ndoo mbili za maji badala ya moja. Nifanye nini? (Saisi, Limuru)

JIBU: Ndugu Saisi, barua yako ilipotufikia tulikupigia simu siku hiyo hiyo, kwa kuwa ugonjwa huu hausubiri jarida litoke. Ninayoyaandika hapa ni marefu kuliko tuliyozungumza, na yanawahusu pia wenzako wenye farasi wazee.

Dalili ulizozieleza ni za laminaitisi, yaani ugonjwa wa sehemu ya ndani ya ukwato. Ndani ya ukwato mna mfupa ambao haukukalia nyayo kama wengi wanavyodhani, bali umening'inizwa kwenye ukuta wa ukwato kwa vikunjo vyembamba vipatavyo 600, ambavyo vimepachikana na vikunjo vya ukuta huo kama madaftari mawili yaliyoingizwa kurasa kwa kurasa. Vikunjo hivyo vinapoumia na kunyooka, mfupa hulegea, nao uzito wa farasi wa kilo 450, ambao zaidi ya nusu yake hubebwa na miguu ya mbele, huusukuma chini kuelekea kwenye nyayo. Ndiyo maana farasi wako alijirudisha nyuma, akitafuta kukanyagia visigino. Ndiyo maana pia kumtembeza kulimzidishia, kwani kila hatua huzidi kuvivuta vikunjo ambavyo tayari vimeanza kuachana. Sikulaumu kwa hilo. Kutembeza farasi mwenye tumbo ni desturi iliyozoeleka mabandani, na asubuhi ya hofu mtu hushika analolijua. Lakini kuanzia sasa asitembezwe kabisa, hata kupelekwa malishoni, mpaka daktari aseme.

Siku nyingine ukiwa na shaka, shika nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, upande wa ndani na wa nje, utafute mshipa kwa ncha za vidole viwili bila kukandamiza. Kwa farasi mzima aliyetulia mapigo hayo ni hafifu na huenda ukayatafuta kwa muda. Kwa mwenye laminaitisi hugonga vidole waziwazi, na mara nyingi ukwato huwa na joto. Jizoeze kuyapima wakati farasi yu mzima, ili siku ya ugonjwa uwe na cha kulinganisha nacho.

Bandani, mwage maranda au mchanga laini wa kina cha sentimita 20 hivi hadi mlangoni, kwa sababu farasi hupenda kusimama pale pale palipo patupu. Mpelekee maji na chakula alipo. Kwato zipozwe kwa barafu, na maji ya barafu yafike juu ya kifundo. Wako wanaotumia vipande vya tyubu kuukuu za gari vilivyofungwa chini, vikajazwa barafu na maji. Upozaji huo hufaa zaidi ukianza mapema na kuendelezwa mfululizo kwa saa 48 au zaidi. Dakika 10 za mpira wa maji hazitoshi. Dawa ya maumivu, ambayo kwa farasi mara nyingi ni fenilibutazoni, itolewe na daktari kwa kipimo chake, kwa maana ikizidi huchoma tumbo na figo, na mzee ndiye anayeumia kwanza.

Sasa nije kwenye yale mambo mawili uliyoyaandika mwishoni kana kwamba ni ya pembeni, ambayo mimi niliyasoma mara tatu. Farasi wa miaka 22 asiyepukutisha manyoya na anayekunywa maji kupita kawaida yake anatiliwa shaka ya ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, ambao kwa farasi huonekana zaidi baada ya umri wa miaka 15. Tezi hiyo hutoa homoni kupita kiasi, misuli ya mgongo hupungua, manyoya hurefuka, na kwa baadhi ya farasi insulini, yaani homoni ya kudhibiti sukari kwenye damu, hupanda. Insulini hiyo ndiyo inayofika kwenye kwato. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwatilia farasi wa aina ndogo (poni) wenye afya insulini nyingi mfululizo kwenye damu, na wote wakapata laminaitisi ndani ya siku 3, bila kuiba nafaka stoo wala kuugua tumbo. Basi majani yaliyochipua baada ya mvua, ambayo huweza kuwa na sukari nyingi, yalikuwa kibiriti tu; kuni zilikwisha kupangwa zamani.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ugonjwa haukuanza Jumanne, osha ukwato vizuri na uutazame kutoka ubavuni. Mistari ya kawaida huzunguka ukwato kwa nafasi sawa mbele na nyuma. Ukiona mistari iliyobanana mbele na kuachana kadiri inavyoelekea kisigino, ujue yalikwishapita mashambulizi madogo ambayo huenda yalidhaniwa kuwa uzee au mawe ya njiani.

Kwa hiyo mwombe daktari mambo mawili: picha ya eksirei ya kila ukwato kutoka ubavuni, ili ijulikane mfupa umeinama au umeshuka kwa kiasi gani, na kipimo cha damu cha homoni ya tezi pamoja na insulini. Damu ya homoni lazima iwekwe kwenye baridi mara moja, kwa hiyo kubalianeni mapema na maabara itakayoipokea. Ikithibitika kwamba tezi inaugua, kuna kidonge cha dawa iitwayo pagolaidi ambacho hupewa kila siku maisha yote. Siku za kwanza huweza kupunguza hamu ya kula. Mwenye farasi aelezwe gharama hiyo mapema.

Chakula kiwe hei (majani makavu) iliyolowekwa katika maji baridi kwa saa moja, kisha maji hayo yamwagwe mbali. Pima kwa mzani kiasi cha kilo 7 kwa siku kabla ya kuloweka, ugawe mara nne. Molasi, pumba, mkate na karoti za watoto zikome. Usimshindishe njaa kwa kudhani unamponya, kwani njaa ya ghafla humwaga mafuta kwenye damu na kuharibu ini.

Kuhusu risasi: ni kweli kwamba Secretariat, bingwa wa mbio za Marekani, aliuawa kwa sababu ya laminaitisi mwaka 1989 akiwa na miaka 19. Umri peke yake, hata hivyo, si hukumu. Swali la kumpumzisha kwa kifo huja pale mfupa unapokaribia kutoboa nyayo, au anaposhinda amelala na dawa haimpi nafuu. Wako bado anasimama na kula. Fundi wa kwato akifupisha ncha kila wiki 4 hadi 6 kwa kufuata eksirei, ukuta mpya utashuka kama sentimita 1 kwa mwezi au pungufu, na kuutimiza wote huchukua karibu mwaka. Kama watoto watampanda tena, liulizwe wakati huo.

SWALI: Daktari, salaam alaykum. Je, punda naye hupatwa na maradhi hayo? Wangu ni mzee, na siku hizi hulala sana. (Mwenye punda, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Hupatwa, tena huvumilia mno hata mwenyewe asitambue. Kuchechemea huweza kusionekane, akawa tu analala zaidi, anahamisha uzito mguu kwa mguu na kubaki nyuma ya wenzake. Mshike mshipa kama nilivyomweleza Saisi, umpumzishe kubeba mizigo, kisha umwite mtaalamu. Mkumbushe kwamba huyu ni punda, kwa maana mwili wake huitumia fenilibutazoni haraka kuliko wa farasi na ratiba ya dawa hubadilika. Akiacha kula kwa siku moja, usingoje ya pili.