Sprei ya kuseti mekapu na joto la Tanga

Dada, umeuliza kwa nini mekapu ya bibi harusi inayeyuka kabla hajafika ukumbini, na sprei umempiga. Geuza chupa kwanza, usome viambato. Sprei inayoshika huwa na PVP au kitu kilichoandikwa "copolymer". Hivyo ndivyo vinavyoacha utando mwembamba usoni alkoholi ikishapaa. Ukikuta glisirini na marashi mawaridi tu, hiyo ni ya kuburudisha uso. Haizuii jasho, na kwa unyevu wa kaskazi uso unabaki unanata.

Halafu usingoje mwisho ndipo upige sprei. Ukimpaka losheni subiri dakika 10, maana mafuta yakielea juu ya ngozi hakuna sprei itakayokuokoa. Baada ya faundesheni piga mara 2 kutoka sentimita 25 hivi, iache ikauke, ndipo uweke poda, tena kidogo. Ukimaliza kila kitu piga mara 4 au 5 ukichora X usoni kisha T, macho na mdomo amefumba, atulie dakika 2 bila kuguswa (mawifi watajaribu). Chupa ikiwa karibu mno matone yanakuwa makubwa, yanachora michirizi kwenye poda, hasa pembeni mwa pua.

Chetezo kikae mbali, alkoholi inashika moto. Mfukize udi kabla, au sprei ikishakauka kabisa.

Akitoka jasho ukumbini gandamiza tishu, usifute, kisha piga mara 1. Poda juu ya jasho hufanya madonge.